Mtunza Siri Asiijue Siri

Yako mazoea katika shule nyingi na ofisi nyingi ambayo nataka kuyapinga katika kurasa hizi: mazoea ya kuandika maneno ya siri ya kompyuta katika daftari moja, jina la kila mtu na neno lake, kisha kulifungia daftari kabatini. Hata shuleni kwetu liko daftari la namna hiyo. Wanaolitunza ni waaminifu, wala siwashuku. Lakini nasema kwamba neno la siri halifai kujulikana na yeyote ila mwenyewe. Hata kompyuta inayomfungulia mlango isilijue.

Msomaji atauliza: Kompyuta itamtambuaje mtu kama haijui neno lake? Jibu lilipatikana zamani. Katika miaka ya 1960, Roger Needham wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alibuni njia ya kulisaga neno kabla ya kuliweka. Usagaji huo ni hesabu, na wataalamu huuita hashi. Katika hesabu iitwayo SHA-256 hutoka alama 64 daima, neno liwe fupi au refu, na ukibadili herufi moja tu, unga wote huwa mwingine. Kompyuta huweka unga peke yake. Kesho ukija na neno lako, hulisaga tena na kulinganisha unga na unga. Ukiwa sawasawa, unakaribishwa ndani.

Jambo hili si sawa na kufunga kwa ufunguo. Kilichofungwa kwa ufunguo, mwenye ufunguo atakifungua, na aliyeuiba atakifungua vilevile. Bali unga haurudi kuwa mahindi.

Wako watakaosema, “Kabati letu lina kufuli imara, na mtunzaji hana hila.” Basi wasikie habari ya mwaka 1966. Katika chuo cha MIT, Marekani, watu wengi walishiriki kompyuta moja kubwa, na maneno yao yaliwekwa wazi katika faili moja. Siku moja, kwa kosa tu, faili hiyo ilibadilishana mahali na tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake. Hapana mwizi aliyevunja kitu. Na mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri milioni 32, yote yakiwa wazi.

Hata hivyo, kusaga peke yake hakutoshi. Mwizi hawezi kuurudisha unga, lakini aweza kubahatisha maneno, akasaga moja moja mpaka unga ulingane. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs waliandika kwamba katika maneno 3,289 waliyoyakusanya, 2,831 yalikuwa mepesi kupatikana kwa njia hiyo. Wakashauri usagaji uwe wa polepole, ili kubahatisha kuwe na gharama, na kila neno litiwe chumvi yake, yaani tarakimu za kubahatisha, ili watu wawili wenye neno moja wasiwe na unga mmoja. Mwaka 2012 ziliibwa alama za maneno kama milioni 6.5 ya LinkedIn, zilizosagwa upesi bila chumvi, na mengi yakafumbuliwa.

Tena watauliza, “Mwanafunzi akisahau neno lake, nani atamkumbusha?” Hapana haja ya kumkumbusha. Apewe jipya, naye alibadili palepale.

Nanyi ndugu mliotutangulia, mlio makazini sasa, nawaomba mpime ofisi zenu kwa kipimo kimoja. Ukisema umesahau neno lako, nao wakakuletea lile lile la zamani, jua kwamba hawakulisaga.

Wengi wetu hutumia neno moja kwa kompyuta ya shule, kwa barua zetu, na hata penye fedha. Anayelisoma katika daftari ameshika zaidi ya alama za mtihani, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: daftari letu na lichomwe moto, kila mmoja achague neno jipya, refu, lisilo jina lake wala la kijiji chake, na kompyuta iachiwe unga tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita