Traka Inamwona Dereva, Dereva Naye Aione Traka

Simama pale Makupa dakika kumi tu, uhesabu magari ya kazi yanayoingia na kutoka kisiwani. Malori ya makontena, matatu, vani za mikate, pikapu za maji, tuktuk zisizo na idadi. Mengi yao yamefichwa kidude kidogo mahali fulani, chenye laini ya simu ndani yake kama hiyo yako. Tunakiita traka. Kinapokea ishara za setilaiti, kinajua gari liko wapi, halafu kinamtumia habari mwenye gari. Tajiri yuko zake Nyali anakunywa kahawa, na anajua umesimama Mwembe Tayari kwa dakika ngapi.

Hakuna haja ya kupigana na hiki kidude, kimeshafika na hakiondoki. Lakini kuna swali ambalo vijana wanaoendesha haya magari hawaliulizi kwa sauti, na leo naliuliza mimi: hizo habari zote zinazotoka kwenye kazi yako, mbona wewe mwenyewe huzioni?

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilipoanza kufanya kazi, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo. Kidhibiti kile kilikuwa na neno moja tu: usipite kilomita 80 kwa saa. Basi. Hakikukumbuka chochote wala hakikumsengenya mtu. Cha leo ni kitu kingine kabisa. Kinaandika mwendo wako, umefunga breki vipi, umekata kona vipi, injini imewaka bila gari kusonga kwa muda gani. Kuna fimbo inaingizwa ndani ya tangi kupima mafuta. Kuna kamera zinazomtazama dereva usoni, na akili mnemba inapiga kelele macho yakianza kufumba. Mwisho wa wiki mfumo unakupa alama, kama mwanafunzi.

Si uongo, faida zipo. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo inayopita kwenda nchi jirani. Kontena likitoka bandarini Kilindini linafungwa kufuli ya kielektroniki. Lori likiacha njia iliyopangiwa, au mtu akiichokoa kufuli, KRA inajua papo hapo na inaweza kutuma kikosi. Zamani mzigo wa Kampala ukipotelea njiani na kuuzwa humu humu bila ushuru, mtu wa kwanza kushikwa shati ni dereva. Sasa dereva mwaminifu ana shahidi. Na dereva anayesinzia usiku barabara ya Nairobi, kamera ikimwamsha, hapo mama yake hana neno na teknolojia.

Kwa hivyo ugomvi wangu hauko kwenye kidude. Uko kwa nani anakisoma, na anakisoma vipi.

Chukua breki. Mfumo ukiona umefunga breki kwa nguvu unakukata alama: dereva mbaya, mkali. Sasa njoo na mfumo wako Marikiti asubuhi, wakati hamali anasukuma mkokoteni wa viazi na hana pa kuukwepeshea. Anakukatia mbele ghafla. Ukifunga breki, hamali anaenda nyumbani kwa watoto wake. Kwenye dashibodi ya ofisi hilo ni kosa. Hamali haonekani pale, kinachoonekana ni alama nyekundu kwa jina lako.

Chukua Mji wa Kale. Njia za kule ni nyembamba na kuta ni ndefu. Ishara ya setilaiti inagonga ukuta kwanza ndipo ifike kwenye traka, kwa hivyo nukta yako kwenye ramani inaweza kuruka mtaa. Uko Ndia Kuu unashusha mzigo, simu ya tajiri inasema uko uchochoro mwingine kabisa. Mtu aliyezaliwa hapa anacheka na kuendelea. Mtu aliyekaa ofisini Nairobi anakuuliza ulikuwa unafanya nini kule.

Chukua mafuta. Gari likiinama kwenye mteremko wa kuingia feri pale Likoni, mafuta yanalala upande mmoja wa tangi na ile fimbo inaweza kusoma kana kwamba yamepungua. Kifaa kisipopimwa sawasawa na tangi lenyewe, kinaandika wizi mahali ambapo hakuna aliyeiba. Na foleni ya feri yenyewe, umekaa juani injini ikinguruma kwa sababu foleni inasonga hatua mbili mbili, mfumo unaandika: anachoma mafuta bure. Jamani, ni nani hapa kisiwani anayekaa foleni ya Likoni kwa kupenda?

Haya yote yanarekebishika kwa kitu kimoja: kumuuliza dereva. Lakini ukiuliza pale steji, wengi watakwambia hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa hizo ripoti. Wanaitwa ofisini kuambiwa hukumu.

Kwa upande wa tuktuk na boda za mkopo mambo ni makali zaidi. Wapo wakopeshaji wanaoweka kidude chenye uwezo wa kuzuia injini kuwaka kutoka mbali. Umechelewa kulipa, asubuhi unageuza ufunguo, kimya. Naelewa, mkopeshaji naye ana pesa zake na kuna wajanja. Lakini fikiria: kitu kilichozimwa ndicho ulichokuwa ukitegemea kulipia hilo deni. Na kama kosa lilikuwa la mtandao, malipo yako yamekwama njiani, ni nani unayeongea naye saa kumi na moja alfajiri? Namba inayojibu kwa sauti ya mashine?

Wakubwa wanaonunua hii mifumo wakumbuke kitu kimoja. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kulipia nauli ya matatu. Mwaka 2014 serikali nayo ikataka nauli zote zilipwe bila pesa taslimu. BebaPay ilifungwa 2015, na mpango mzima ukafa kifo cha polepole. Google haikukosa wataalamu. Kilichokosekana ni makubaliano na watu wa ndani ya gari, dereva na makanga, ambao kila siku wanatoa kwenye pesa ya mkononi mafuta, chakula na mambo mengine ya njiani tunayoyajua sote. Mfumo uliokuja kuwamulika tu, bila kuwapa kitu, haukupata rafiki hata mmoja ndani ya matatu.

Sisi watu wa Pwani tulipaswa kulijua hili mapema. Bandari ya kale iko pale pale. Tajiri wa zamani alimpa nahodha jahazi lililojaa mali, nahodha akaondoka na upepo na asionekane kwa miezi. Hapakuwa na traka. Kilichomfunga nahodha ni jina lake mjini, pamoja na fungu: faida ya safari iligawanywa, na mabaharia walikuwa na sehemu yao. Leo tajiri amepata jicho ambalo yule wa zamani hakuliota. Sawa. Lakini fungu la mabaharia limeenda wapi? Gari likitumia mafuta kidogo kwa sababu dereva ameendesha vizuri, akiba hiyo inaingia mfuko mmoja. Dau la mnyonge haliendi joshi, ndiyo, ila hapa dau ni lile lile na mpiga makasia ndiye huyo huyo.

Sasa jambo la kushika. Mimi si wakili, chuo chenyewe niliachia njiani, lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko mtandaoni bure na nimeisoma. Inasema una haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi. Una haki ya kuziona. Una haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Na kama uamuzi mzito juu yako umefanywa na mashine peke yake, una haki ya kuuliza uangaliwe upya na usiachiwe mashine tu. Ukikataliwa, kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko.

Kwa hivyo madai yangu ni matatu, na hayahitaji bajeti. Moja, kila dereva aone ripoti yake kwenye simu yake, siku ile ile tajiri anapoiona. Mbili, asikatwe pesa wala asifutwe kwa sababu ya alama za mashine kabla hajaulizwa kilichotokea. Tatu, akiondoka kazini aondoke na rekodi yake. Kijana aliyeendesha lori miaka mitatu bila ajali anatafuta kazi mpya kwa barua ya kuombaomba, ilhali ushahidi wa kazi yake safi umelala kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hiyo rekodi ndiyo cheti chake. Kwa wengi wetu tusio na cheti kingine, si kitu kidogo.

Kwa matajiri na SACCO: dereva anayejua alama zake anajirekebisha mwenyewe, na hapo ndipo mafuta na breki zinapookolewa. Dereva anayehisi anapelelezwa anatafuta waya wa kukata.

Na wewe kaka unayeshika usukani kesho, au dada, maana mko pia: kabla hujatia sahihi kwenye mkataba wa gari au wa mkopo, uliza swali moja. Kuna kidude humu ndani? Kama kipo, nami nitakiona kinasema nini? Wakikwambia hayo hayakuhusu, usitie sahihi siku hiyo. Omba wayaandike, ndipo muongee.