Wazo Lipimwe Pale Litakapoishi: Risala ya Wakusanyaji na Mafundi wa Taka Rejeshi, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wajumbe wa kamati za tathmini, wawakilishi wa wafadhili, watendaji wa halmashauri na wenyeviti wa mitaa,

Sisi ni waokota makopo na chuma chakavu, wasagaji wa plastiki, watengenezaji wa mkaa mbadala, mafundi wa majiko na mama lishe wa jiji hili. Tumekuja mbele yenu na jambo moja. Mawazo ya uchumi wa mzunguko yanayoletwa katika mitaa yetu yanapimwa vibaya, na hasara ya kupimwa vibaya huko inatuangukia sisi. Tunataka yabadilike maswali mnayouliza kabla ya kutoa fedha, watu mnaowauliza, na muda mnaongoja kabla ya kutangaza kwamba mradi umefaulu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na mashine ya kusagia plastiki iliyoko katika yadi ya wenzetu wa Vingunguti. Ililetwa na mradi, ikazinduliwa kwa utepe, na siku ile ilisaga vizuri kabisa. Chupa zilizotumika zilikuwa zimeoshwa, zimetolewa vifuniko na lebo. Chupa tunazoleta sisi kila siku zinatoka kwenye mitaro ya Jangwani na dampo la Pugu Kinyamwezi. Zina mchanga, zina mafuta ya kupikia, nyingine zina mkojo wa madereva wa masafa marefu. Kifuniko ni plastiki ya aina tofauti na ya chupa yenyewe. Ukivisaga pamoja inabidi uviloweke, chenga za chupa zizame na za kifuniko zielee, na kwa kazi hiyo yanahitajika maji mengi ambayo yadi haina. Mchanga nao ukiingia kwenye visu, makali yanakwisha. Visu vya mashine ile havipatikani Kariakoo wala kokote mjini, vinaagizwa ng'ambo, na fungu la kuviagiza lilifungwa siku mradi ulipofungwa. Mota yake ilitaka umeme wa njia tatu katika yadi yenye njia moja. Siku ya uzinduzi lilikodiwa jenereta.

Mashine ilikaa chini ya turubai hadi fundi mmoja wa eneo la Gerezani alipoichukua. Alichonga visu vipya kwa springi za gari, akaondoa mota, akafunga injini ya dizeli. Leo inasaga. Visu vinanolewa mara kwa mara, lakini vinanolewa hapa hapa, na fundi akiitwa anakuja na bodaboda. Ripoti ya mradi inasema mashine imekabidhiwa na inafanya kazi, na hakuna aliyerudi kuuliza inafanya kazi kwa visu vya nani. Fundi yule ndiye aliyeligeuza wazo likawa kitu kinachotumika, na jina lake halimo katika ukurasa wowote wa ripoti. Fedha zilizotengwa kwa ubunifu hazikumfikia hata shilingi.

Tunafahamu kwamba kamati nyingi hutumia ngazi tisa za utayari wa teknolojia, ambazo asili yake ni NASA, shirika la anga la Marekani, katika miaka ya 1970. Ni kipimo kizuri kwa kazi iliyokusudiwa. Chombo cha angani cha shirika lile kina mteja mmoja, kinalipiwa na serikali, na wahandisi waliokiunda ndio wanaokiangalia mpaka mwisho wake. Mashine ya Vingunguti ina wateja mia wasio na fedha taslimu, inalipiwa na kile inachosaga, na aliyeiunda yuko bara jingine. Ngazi zile zinauliza kama kitu kinafanya kazi. Haziulizi nani atakitengeneza kikiharibika, nani atanunua kinachotoka, wala nani atapoteza riziki kikianza kufanya kazi. Wazo linaweza kupanda hadi ngazi ya tisa na bado likafia Buguruni.

Tena, waheshimiwa, hatukubali kusikia kwamba uchumi wa mzunguko ni jambo linaloletwa kwetu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo mtoto akitumwa soda anapewa na chupa tupu. Bila chupa unainywa pale pale dukani umesimama, au unaacha fedha ya chupa. Mwenye duka alizirudisha zote kwenye kreti ya chupa 24, muuzaji wa jumla akazipokea, kiwanda kikaziosha na kuzijaza upya. Utaratibu ule ulidumu miaka mingi kwa sababu kila aliyeshika chupa alikuwa na sababu yake ya kuirudisha, tangu mtoto hadi kiwanda. Chupa ya plastiki ilipoingia, hakuna kamati iliyokaa kupima tunapoteza nini. Leo chupa hizo hizo za plastiki ndizo tunazozoa mitaroni, na tunaambiwa tushindane kubuni namna ya kuzirudisha. Katambuga za matairi, vibatari vya makopo, majiko ya bati chakavu, hivi vyote vilienea nchi nzima bila dodoso na bila ruzuku. Kamati inayotaka kujua ni nini hufanya wazo lishike mizizi ingeanza kwa kuvichunguza hivi. Mpaka sasa hatujaona fomu yenye nafasi ya kuvitaja, kwa kuwa fomu zinauliza kipya ni kipi, na kitu kilichodumu miaka hamsini hakipati alama ya upya.

Tunaomba mtuvumilie katika suala la mkaa mbadala, kwa sababu hapo ndipo makosa ya upimaji yanaonekana waziwazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote. Moshi unawaumiza mama zetu na dada zetu kabla ya kumuumiza mtu mwingine yeyote. Mwenzetu mmoja, mama lishe, alipewa mkaa mbadala wa kujaribu. Maabara ilikwisha kusema joto lake linatosha, na ni kweli linatosha. Lakini yeye anawasha jiko saa kumi alfajiri, maana makondakta na wapiga debe wanataka chai na chapati kabla hakujapambazuka. Mkaa ule ulichelewa kushika na ulitoa moshi mwanzoni. Ukishashika unakaa muda mrefu kwa moto ule ule, jambo zuri kwa maharage na makongoro, na baya kwa chapati ambayo kila dakika inataka moto upandishwe au ushushwe. Ulifungwa kwa udongo, hivyo majivu yalikuwa mengi, yakaziba matundu ya jiko, ikabidi aepue kikaango katikati ya foleni ya wateja ili akung'ute.

Hayo yote angeweza kuyazoea. Kilichomshinda ni namna ulivyouzwa. Mkaa wa kawaida ananunua kwa kopo, na asubuhi akiwa hana kitu muuza mkaa jirani yake anamkopesha mpaka jioni. Mkaa mbadala uliuzwa kwa mfuko wa kilo tano, malipo kwa simu, kabla ya kuupokea. Mtu anayeanza siku na fedha ya unga na mafuta tu hana fedha ya mfuko. Alipoulizwa alisema hivi: kwa chungu cha maharage cha mchana nitautumia, kama utauzwa kwa kopo na huyo huyo anayeniuzia mkaa. Dodoso lilikuwa na visanduku vitatu, ameridhika sana, ameridhika, hajaridhika. Aliyemhoji aliweka alama kwenye kisanduku cha kati akaondoka. Yale maneno ya mama lishe yalikuwa na kila kitu ambacho mradi ulihitaji: matumizi gani, kipimo gani, muuzaji gani, masharti gani ya malipo. Hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, na ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, ni kwamba wazo lolote lisipewe fedha za kupanuliwa kabla halijaishi mahali linapokusudiwa, mikononi mwa wanaokusudiwa, kwa muda usiopungua mwaka mmoja wenye masika na vuli ndani yake. Majaribio mengi tunayoyaona yanaanza Juni na kwisha Septemba, barabara zikiwa kavu. Njooni Aprili, Mto Msimbazi ukiwa umefurika. Maboksi yakilowa hayana bei, guta halipiti, mkaa mbadala haukauki juani, na njia ya kwenda dampo ni tope. Wazo linaloshinda masika ya Dar es Salaam lina haki ya kuitwa wazo lililo tayari.

Tunadai pia kwamba wanaofanya kazi hii ya taka rejeshi wakae ndani ya kamati, wakiwa na kura kamili na posho sawa na ya mtaalamu mwingine. Fundi wa Gerezani akitazama mchoro kwa dakika chache atakuambia beringi ipi itakufa kwanza. Fomu ziwe kwa Kiswahili, na asiye na kompyuta aruhusiwe kuja kueleza kwa mdomo na kuonyesha kifaa chake. Vikundi vyetu vimeshindwa mara nyingi mlangoni, kabla wazo halijatazamwa, kwa kukosa video ya dakika tatu na mpango wa biashara wa Kiingereza.

Jambo la bei ni fupi lakini ni zito. Plastiki yetu inashindana na plastiki mpya inayotokana na mafuta. Bei ya mafuta ghafi ilipoporomoka mwaka 2020, plastiki mpya ikawa rahisi na kilo ya makopo ya plastiki ikakosa thamani. Mahesabu tunayoonyeshwa kwenye miradi yanatumia bei moja, ya siku nzuri. Tunadai kila wazo lihesabiwe kwa bei mbaya, na mradi useme mapema nani atabeba pengo: mkokotaji wa guta, mnunuzi, au kiwanda kilichoizalisha chupa. Kwa sheria ni hivyo hivyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya Agosti 2017. Tuliiunga mkono marufuku ile. Ilitufundisha kwamba amri moja inaweza kuondoa malighafi ya wazo au kulifungulia soko kwa siku moja, kwa hiyo kamati iulize ni sheria ipi inalibeba wazo hili na ipi inaliua, na ijibiwe na mwanasheria wa halmashauri, asiachiwe kijana mwombaji akisie.

Kuna pia suala la hesabu za tani. Kilo ya makopo tuliyookota sisi inapimwa kwetu, inapimwa kwa mnunuzi wa kati, inapimwa tena kiwandani, na mara nyingine inatokea katika ripoti za miradi mitatu tofauti kana kwamba ni kilo tatu. Nyingine zimehesabiwa kuwa zimerejelezwa na bado zimo kwenye viroba nyuma ya yadi, zikingoja mnunuzi. Tunataka kihesabiwe kilichotumika tena kikamaliza kazi, na kihesabiwe mara moja. Na palipo na mafanikio ya tani, lionyeshwe pia pato la aliyezibeba.

Hatusemi kila onyesho halina maana. Chombo cha Flipflopi, kilichojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyokusanywa, kikashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kilikusudiwa kuamsha watu, na kiliwaamsha. Fedha za kuamsha watu zitolewe kwa jina hilo. Tunachopinga ni onyesho kupewa alama za wazo lililokwisha kupokelewa, kisha mitaa ikaambiwa ilipokee.

Kuhusu malipo, upo mfano wa watu wa kazi yetu. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Colombia iliamuru jiji la Bogotá liwaingize waokota taka katika huduma rasmi ya usafi, na kuanzia mwaka 2013 jiji likaanza kuwalipa kwa uzito wa wanachokusanya na kusafirisha, mbali na bei ya kuuza. Tunaomba halmashauri zetu zilijaribu jambo hilo katika kata chache, na walioko ndani ya kamati za tathmini walipime kwa umakini ule ule wanaoupa mashine na programu za simu. Kumlipa mkusanyaji ni wazo la uchumi wa mzunguko kama mengine. Sehemu ya fedha za miradi pia izuiwe hadi mwaka wa pili, itolewe kwa wale waliokifanya kifaa kiendelee kufanya kazi, awe mbunifu wake, awe fundi wa mtaani.

Mwisho, tunadai matokeo yote yatangazwe, ya miradi iliyofaulu na iliyokufa, pamoja na sababu za kufa kwake. Vijana wanaendelea kupewa fedha kurudia jambo ambalo lilishindikana mtaa wa pili, kwa kuwa taarifa ya mtaa wa pili imefungiwa kabatini. Taarifa hizo zibandikwe katika mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, zikitaja gharama, kilichoharibika, kilichonunuliwa na nani, na kwa nini.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai, nayo yatufikie kabla ya masika yajayo, ili majaribio yatakayoanza yaanze kwa utaratibu huu. Yadi zetu ziko wazi kwa mjumbe yeyote wa kamati atakayetaka kuja kuona, na tunamwomba aje siku ya kazi, bila utepe.

Tunaomba kuwasilisha.