Miguu ya mfungaji ina muhula wake



Katika viwanja vya Kasese na Kilembe, na katika viwanja vya shule huko Bwera, ni nadra kumpata kijana anayeota kuwa beki. Karibu kila mmoja ataka kuwa mshambuliaji wa kati, yule ambaye jina lake hutajwa redioni pindi wavu unapotikisika. Ndoto hiyo si mbaya. Lakini siku mtoto atakapomwuliza baba yake aliye kambini, au mama aliyebaki nyumbani, kama aache masomo ili aufuate mpira, yampasa mzazi awe na jibu alilolipima. Juma hili na tulitafute jibu hilo katika maisha ya Majid Musisi, mmoja wa wafungaji hodari waliopata kutokea Uganda.

Musisi alizaliwa mwaka 1967. Akiwa bado kijana alijiunga na SC Villa ya Kampala, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi mara 5 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1990. Mwaka 1991 Villa ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ilifungwa mabao 6-2 na Club Africain mjini Tunis, kisha timu hizo zikatoka sare ya 1-1 mjini Kampala. Mwaka uliofuata Musisi alikwenda Rennes, Ufaransa, akawa miongoni mwa Waganda wa kwanza kucheza kandanda la kulipwa barani Ulaya. Mwaka 1994 alihamia Bursaspor ya Uturuki. Alama ya timu ile ni mamba, na mashabiki wake humkumbuka Musisi kwa ile shangwe ya wachezaji kutambaa uwanjani mfano wa mamba baada ya bao. Mwaka 1997 alichukuliwa na Dardanelspor, ya huko huko Uturuki, hadi 1999.

Sasa na tufanye hesabu. Musisi aliondoka Uganda akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Miaka yake ya mshahara wa Ulaya ilipokwisha alikuwa na 32. Basi, muhula wote ule ulikuwa miaka 7, muda ambao mtoto huanza darasa la kwanza na kumaliza la saba. Mwezi Desemba mwaka 2005 Uganda ikapata habari za msiba: Musisi amefariki, akiwa na miaka 38 tu.

Mwalimu wa miaka 32 ndiyo kwanza ameizoea kazi yake. Koplo wa miaka 32 bado anautazamia usajini. Lakini mshambuliaji wa umri huo huitwa mzee, kwa kuwa kazi yake hutegemea mbio, na mbio ndizo hutangulia kumwacha binadamu. Goti likiteguka, msuli wa paja ukichanika, hata hiyo miaka 7 haitimii. Zaidi ya hayo, askari amalizaye utumishi wake kwa mujibu wa sheria hupata kiinua mgongo na pensheni. Mfungaji mabao, mkataba wake ukiisha, hupewa mkono wa kwaheri.

Je, hii ni hoja ya kumnyima mtoto mpira? Hasha. Majeshi yetu yenyewe yana historia njema katika mchezo huu. Mwaka 1972 Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kupambana na Hafia ya Conakry, Guinea. Mwaka 2005 timu ya Polisi ilitwaa ubingwa wa Uganda. Faida ya timu za namna hii ni kwamba mchezaji aliyeandikishwa kazini, miguu yake ichokapo, bado ana kazi ya kurudia. Hilo ndilo funzo kwa mzazi: mtoto awe na mpira mguuni na cheti mkononi. Amalize masomo ya sekondari, au ajifunze ufundi, huku akicheza.

Tena mzazi na azijue kanuni. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, limekataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo akitokea mtu anayedai nauli ili ampeleke mtoto wa miaka 16 Ulaya kufanya majaribio, mzazi asiuze mbuzi. Na aende kwanza kuuliza katika ofisi ya chama cha mpira.

Moja ya sababu hizo yawahusu sana watu wa Bwera. Mtoto akaaye karibu na mpaka aweza kuchezea timu ya upande wa pili, ikiwa nyumbani kwao na timu hiyo vyote vimo ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, tena ikiwa umbali baina ya nyumba na timu hauzidi kilomita 100. Kijana wa Mpondwe, basi, aweza kucheza Kasindi, Kongo, kwa sharti kwamba aendelee kulala kwao na vyama vya mpira vya nchi zote mbili viridhie. Mtu akisema mtoto sharti ahamie kambi ya timu ng'ambo, maneno yake yapingana na kanuni.

Basi kijana wako akikuuliza, usimkemee. Mwonyeshe hesabu ya ile miaka 7, kisha mwulize: wa 8 utakula nini? Akiwa na jibu, mnunulie viatu.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.