Acheni mnara, pimeni maji

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu hudhani najua kila kitu chenye waya. Swali linaloongoza ni hili: mnara wa simu una mionzi, je, hautatumaliza? Wananiuliza Nairobi, wananiuliza Lodwar, juzi limetoka Kakuma. Leo nalijibu, kisha nawapeleka Longech, kwa sababu naona tunaogopa kitu kimoja na kunywa kingine.

Neno "mionzi" limebebeshwa mzigo usio wake. Mwanga wa jua ni mionzi. Mawimbi ya redio na ya simu nayo ni mionzi, ila hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ile inayong'oa ndiyo watu wanayoifikiria wakisikia habari za mabomu, na inayotoka kwenye kiini cha atomu huja hasa kwa namna tatu. Alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana. Ni nzito, karatasi tu huizuia, na ubaya wake ni pale inapoingia mwilini kwa chakula au pumzi. Beta ni elektroni yenye mbio, nayo huzuiwa na alumini ya milimita chache. Gama ni wimbi lenye nguvu nyingi, na kulipunguza kunataka zege nene au madini ya risasi.

Sasa sikia: wewe mwenyewe unatoa beta na gama. Mwili wa mtu mzima una potasiamu kama gramu 140, na sehemu ndogo sana ya hiyo, karibu asilimia 0.012, ni potasiamu-40. Katika kila gramu ya potasiamu, atomu kama 31 huvunjika kila sekunde. Zidisha: 140 × 31 = 4,340. Kila sekunde, hata ukiwa umelala! Karibu 89 katika kila 100 hutoa beta na kugeuka kalisi. Zilizobaki hugeuka agoni, na nyingi za hizo hutoa gama. (Agoni hiyo hiyo, ikinaswa ndani ya majivu ya volkeno, ndiyo iliyotumika kupima umri wa matabaka ya Koobi Fora ng'ambo ya Ziwa Turkana. Mionzi imetufaa pia.)

Mbona basi hatuanguki? Kwa sababu kiasi ni kidogo. Jina la kitu halikuambii kama kitakudhuru. Mpishi yeyote analijua hili: haulizi kama mchuzi una chumvi, anauliza kama imekolea. Wanakemia wanauita ukolezi.

Twende Longech. Ni ulimi mwembamba wa mchanga karibu na Kalokol, kati ya Ghuba ya Ferguson na ziwa lenyewe, na wakazi wake ni wavuvi. Maji yamewazunguka, lakini maji gani? Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Mto Omo huleta sehemu kubwa ya maji yake, jua huyachukua, na chumvi zinabaki. Ndiyo maana kila lita ina chumvi za aina mbalimbali kama gramu 2.5, na floraidi kama miligramu 10. Kikomo cha floraidi kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Utaniambia dawa ya meno ina floraidi nyingi zaidi. Kweli, kwa kawaida ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, nayo miligramu 1 kwa lita ya maji ni karibu sehemu 1 kwa milioni. Lakini dawa ya meno unaitema. Maji unayameza lita mbili au tatu kwa siku, na kwenye joto la Turkana ni zaidi. Lita 3 × 10 ni miligramu 30 kwa siku. Mtoto akikua hivyo, meno yanaota na madoa ya kahawia, na miaka ikipita mifupa nayo huathirika.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tunaambiwa tuchemshe maji. Tuchemshe, vijidudu vife. Lakini floraidi haipandi na mvuke. Anza na lita 5 zenye miligramu 50 kwa jumla, chemsha hadi zibaki 4: 50 ÷ 4 = 12.5 kwa lita. Umezidisha! Vidonge vya klorini navyo haviiondoi. Kinachosaidia ni kuchanganya na maji ya mvua yasiyo na floraidi, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeitumia. Hesabu ya kuchanganya ni rahisi: katika mtungi wa lita 20, maji ya ziwa yasizidi lita 3, kwa kuwa 3 × 10 ÷ 20 = 1.5. Lita 17 za mvua utazipata wapi Longech? Hapo ndipo serikali inapopaswa kujibu.

Na serikali zetu hupenda ujazo. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna maji ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 200, na vyombo vya habari vikasherehekea. Ukolezi haukuwa kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2015 uchimbaji wa majaribio ukaonyesha maji yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Kwa mtu wa programu, hiyo ni jedwali lenye safu moja tu iliyojazwa.

Ninachotaka hakihitaji satelaiti. Kila kisima na kila mahali pa kuchotea maji Turkana pawe na kibao chenye namba mbili, chumvi na floraidi, na tarehe ya kipimo. Namba hizo ziwekwe pia mtandaoni, wazi, zipakuliwe na yeyote. Programu ya kuzionyesha kwenye simu nitaiandika mwenyewe, bure, wikendi mbili zinatosha.

Kama una vipimo vya kisima chochote kati ya Kalokol na Kakuma, nitumie. Andika na tarehe, na tafadhali usisahau kusema ni miligramu kwa lita.