Mateso Hayazai Undugu

Wapo wanaoamini kwamba undugu wa kweli lazima upitie mateso. Imani hiyo imeota mizizi katika nyumba nyingi za vyama vya undugu vya wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani, na hata kwetu, aliyewahi kuwa mwanafunzi mgeni shuleni, akaitwa njuka Tanzania au mono Kenya, anaijua kauli yake: "Sisi tulionewa, na leo ni watu." Ni imani potofu, na inaua.

Usiku wa Februari 2, 2017, Timothy Piazza, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu cha Penn State mwenye miaka 19, alikuwa akipokewa katika chama cha Beta Theta Pi. Wapya walipitishwa kituo hadi kituo, wakinyweshwa pombe harakaharaka. Alianguka kwenye ngazi. Wale waliokuwa wakimwita ndugu walimlaza kwenye kochi, na zikapita karibu saa 12 ndipo simu ya dharura ikapigwa. Alifariki Februari 4. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1997, Scott Krueger wa chuo cha MIT, kijana wa miaka 18, naye aliuawa na pombe ya shughuli ya chama. Watetezi wa mila hii watuambie: undugu ulikuwa wapi saa zote hizo?

Watajibu kwamba chuma huiva motoni. Mimi nimesoma uhandisi huko Marekani, na chuma nimekivuta maabara kwa mikono yangu. Mashine inakibana kipande ncha zote mbili na kukivuta. Mwanzoni ukikiachia, kinarudi urefu wake. Ukizidisha, hakirudi tena. Ni kweli kinakuwa kigumu kuliko awali, lakini uwezo wake wa kunyooka zaidi umepungua, na siku ya kukatika onyo lake ni dogo. Ndivyo alivyo kijana aliyedhalilishwa ili akubalike. Ugumu anaojivunia anao kweli, na mwaka unaofuata ndiye anayeshika chupa mbele ya mgeni.

Sisemi vyama vivunjwe. Mwaka 1904, wanafunzi 4 wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianzisha chama wakakiita Nyundo na Koleo, ambacho leo ni Theta Tau. Hizo ni zana za karakana, mahali ambapo mmoja hushika na mwenzake hugonga.

Nami nilijiunga na chama cha wanafunzi wa uhandisi. Kiapo nimekisahau. Ninachokumbuka ni saa nane usiku, kesho yake mtihani wa themodinamiki, na kaka wa mwaka wa nne aliyekwisha kupata kazi amekaa nami jikoni. Alichora mzunguko wa mvuke nyuma ya boksi la piza: boila, tabini, kondensa, pampu. Nilipokosea, alifuta kwa kidole, akaanza upya. Hakulala mpaka nikaelewa.

Pennsylvania, jimbo la Penn State, ilikaza sheria yake dhidi ya mateso haya mwaka 2018, baada ya Piazza kuzikwa. Mwanafunzi asisubiri sheria wala jeneza. Ukiambiwa unywe hadi uanguke ndipo uitwe ndugu, chukua begi lako utoke.

Uonevu hurithishwa, na wema vilevile. Mwaka uliofuata nilikaa jikoni palepale na kijana wa mwaka wa pili, boksi la piza katikati yetu, nikamchorea boila.