Seremala Amwendee Mfinyanzi

Katika Kijaluo, kitenzi "chweyo" humaanisha kufinyanga, na pia kuumba. Ndiyo maana Mungu huitwa Jachwech. Na ufinyanzi wa Homa Bay na Migori ulitangulia hata kuwasili kwa lugha hiyo: vigae vilivyofukuliwa Gogo, Migori, vina umri wa maelfu ya miaka.

Mbona basi seremala wetu aige viti vya picha za ng'ambo? Mtungi una tumbo, shingo na mdomo. Mguu wa meza uliokerezwa waweza kufuata umbo hilo, nazo nakshi zake zikapamba egemeo la kiti. Ndoo za plastiki zimewapunguzia wafinyanzi wanunuzi. Walimu wa ufundi, waalikeni akina mama hao darasani kabla ujuzi wao haujazikwa nao.