Pampu ya Moyo Ianzie Mbale

Pampu ya moyo inatosha kiganjani. Daktari huipachika kwenye ncha ya moyo uliochoka, nayo huvuta damu na kuisukuma kwenye mshipa mkuu. Waya hutoka tumboni hadi kwenye betri anazovaa mgonjwa. Akilala, huichomeka ukutani. Utafiti wa REMATCH wa Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulifuatilia wagonjwa 129 wasiofaa kupandikizwa moyo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wenye pampu walikuwa hai. Kwa waliotegemea dawa peke yake ilikuwa asilimia 25. Pampu za leo ni bora kuliko zile.

Tunataka Waganda nao waipate. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, tayari inafanya upasuaji wa moyo. Lakini mgonjwa hakai Mulago maisha yake yote. Atarudi Jinja, mji unaozalisha umeme tangu bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, na hata huko umeme hukatika. Atarudi Mbale, chini ya mlima Elgon, akiwa na kidonda cha waya kinachohitaji kusafishwa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza kila siku.

Hii warfarini ndiyo inayotusumbua. Ikipungua, damu huganda na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Bila kupima damu mara kwa mara, hakuna anayejua yuko wapi. Na wanaohitaji kipimo hicho tunao tayari: waliowekewa valvu za metali, wengi wao vijana ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo tu. Kwao, kupanda basi zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbale hadi Kampala kwa ajili ya tone la damu ni adhabu. Muuguzi anayewahudumia leo ndiye atakayejua kumpokea mwenye pampu kesho.

Tena wengine wasingefikia hatua ya kuwekewa valvu kabisa. Utafiti wa watoto 818 kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa sindano ya penisilini kila wiki nne huzuia madhara ya valvu yaliyogunduliwa mapema yasiendelee.

Bajeti ijayo izipe hospitali za rufaa za Jinja na Mbale kliniki ya moyo ya kudumu: kipimo cha warfarini kila siku ya kazi, mashine ya eko, inayoonyesha valvu kwa mawimbi ya sauti, na mtaalamu wa kuitumia, na penisilini isiyokatika.